Kisiki Kilicho Hai: Kuvu za Mizizini katika Miombo ya Nyasa na Umatengo

Anayeondoka Kihagara, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, akapanda kuelekea Mbinga mjini, hupita mashamba ya muhogo, kisha miteremko ya miombo, kisha vilima vya Wamatengo vilivyojaa ngolo, yaani mashamba yao ya mashimo, na kahawa, na hapa na pale vipande vya misindano na milingoti. Ziwa liko kwenye mwinuko usiofika mita 500 juu ya usawa wa bahari. Huko juu kuna vilele vinavyokaribia mita 2,000. Juu ya ardhi nchi hiyo ina sura nne. Udongoni ina mbili tu. Karibu mimea yote ya mteremko huo inaishi kwa ubia na kuvu zinazokaa kwenye mizizi, ubia ambao wanasayansi wanauita mikoriza, na kwa haja yetu hapa ubia huo una namna mbili. Muhogo, mahindi, maharage na kahawa viko upande mmoja. Miombo na misindano iko upande wa pili. Mpaka kati ya pande hizo hauchorwi kwenye mipango ya matumizi bora ya ardhi ya vijiji, ingawa una sauti kubwa katika kuamua kama msitu uliofyekwa utarudi au hautarudi.

Tuanze na upande wa shamba. Huku nyuzi za kuvu huingia ndani kabisa ya seli za mzizi na kutoa vijitawi vidogo vidogo, na hapo ndipo biashara hufanyika: mmea unatoa sukari na mafuta, kuvu inatoa fosforasi na madini mengine ambayo nyuzi zake zimeyakusanya mbali, mahali mzizi wenyewe usipofika. Ubia huu ni mkongwe mno. Mabaki yake yamekutwa katika miamba ya Rhynie kule Uskoti yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 400, enzi ambayo mimea ya nchi kavu ilikuwa bado haijapata mizizi kamili. Takribani asilimia 70 ya spishi za mimea duniani inao. Kuvu za kundi hili hazioti uyoga, kwa hiyo mtu anaweza kulima miaka 50 na kutegemea kazi yake kila msimu bila kuiona hata siku moja.

Upande wa msitu mambo ni tofauti. Kuvu haiingii ndani ya seli, ndiyo maana tutaiita kuvu ya nje, na ile ya shamba kuvu ya ndani. Huivika ncha ya mzizi ala nyembamba, ikapenyeza nyuzi zake katikati ya seli na seli, halafu ikatandaza nyuzi nyingine nje, udongoni na katika majani yanayooza. Ni asilimia 2 hivi tu ya spishi za mimea zenye ubia wa namna hii, lakini ndani ya asilimia hiyo mna miti inayotawala misitu mikubwa: misindano na mialoni ya kaskazini, na huku kwetu mtundu, myombo, mkusu na ndugu zao. Ramani ya dunia iliyochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2019 ilikadiria kwamba kati ya kila miti 10 iliyosimama duniani, 6 hivi ni ya upande huu. Na hawa ndio wenye uyoga. Sehemu kubwa ya uyoga unaookotwa miomboni masika ni tunda la kuvu zilizoshikamana na mizizi ya miti iliyosimama hapo juu. Trufo, ule uyoga wa Ulaya unaokulia chini ya ardhi na kuuzwa kwa bei ya kutisha, ni wa ukoo huohuo wa kimaisha.

Trufo ndiyo iliyoanzisha elimu hii. Serikali ya Prussia ilitaka kujua kama uyoga huo unaweza kulimwa Ujerumani kama Wafaransa walivyokuwa wakifanya, na kazi ikapewa mtaalamu wa mimea wa Berlin, Albert Bernhard Frank. Frank alichimba mizizi ya miti, akakuta kila ncha imevikwa kuvu, miti yenye trufo na isiyo na trufo vilevile. Mwaka 1885 akachapisha matokeo, akaupa ubia huo jina la mikoriza, na akatoa dai ambalo wenzake walilipinga kwa miaka mingi: kwamba kuvu ile haiuibii mti, inaulisha. Trufo za kulima hakuwapatia waliomtuma. Mwezi Februari wa mwaka huohuo, katika Berlin hiyohiyo, Kaisari alitoa hati ya ulinzi iliyoipa kampuni ya Carl Peters kisingizio cha kudai nchi yetu. Mambo hayo mawili hayahusiani. Nayataja kwa sababu misitu ya miombo iliyokuja kuchukuliwa kwa njia ile ilikaa karibu miaka 100 kabla ya mtu kuchapisha vipimo vya mizizi yake kwa jicho la Frank.

Basi, Nyasa kuna trufo? Swali hili huja haraka kwa kila anayesikia bei. Trufo nyeusi ya Ufaransa inataka mwaloni au mti wa karibu nao, udongo wa chokaa na baridi ya kweli. Udongo wa Umatengo ni wa tindikali. Afrika Kusini wanaizalisha, ila kwa miche ya mialoni iliyopandikizwa kuvu kitaluni na kwa chokaa nyingi iliyomwagwa shambani. Afrika ina trufo zake yenyewe, za ukame. Katika Kalahari, kuanzia Namibia hadi Botswana, watu hutafuta nyufa ndogo kwenye mchanga baada ya mvua na kuchimbua uyoga ambao wataalamu waliupa jina jipya la Kalaharituber mwaka 2005. Ndugu zetu walioko Omani na nchi za Ghuba wanazijua za jangwa la Arabuni, ambazo baada ya mvua nzuri huuzwa sokoni kwa kilo. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inautaja uyoga huo, kam'a, kuwa ni katika jamii ya mana. Lakini hizo ni za mchanga mkavu na vichaka vyake, na mteremko wa Nyasa hauna mazingira ya namna hiyo.

Miombo nayo ina uyoga unaokaa chini ya ardhi. Mwaka 2004 Ursula Eberhardt na Annemieke Verbeken walieleza spishi za Afrika ya kitropiki ambazo ni za jamii ya uyoga wenye utomvu, ule unaotoa maziwa ukiukata, lakini zimeacha kufungua kofia na badala yake zimejikunja kuwa kitu cha mviringo. Kuvu ya namna hii hairushi mbegu zake hewani. Inategemea mnyama aisikie harufu, aifukue, aile, na kwenda kuitupa kwingine pamoja na kinyesi. Nguruwe pori, ambaye huku hutajwa kwa laana tu anapovamia mahindi, ana kazi hiyo pia. Hakuna mgahawa wa Paris utakaoagiza uyoga huo. Mwenye ndoto ya trufo katika mkoa wa Ruvuma afadhali afanye kama Frank: autumie udadisi huo kuitazama mizizi ya mti ulio mbele yake.

Kazi hiyo huku kwetu ilifanywa hasa na Msweden Peter Högberg. Mwaka 1981, pamoja na Jan-Erik Nylund, alichapisha makala kuhusu mikoriza ya nje katika miombo ya ukanda wa pwani ya Tanzania. Mwaka uliofuata akatoa orodha pana zaidi ya miti ya misitu yetu na kuvu zake. Alichokikuta kinashangaza mpaka leo. Miti mikuu ya miombo ni ya jamii ya mikunde, jamii ya maharage na karanga, na shuleni tunafundishwa kwamba mikunde hujitengenezea nitrojeni kwa vinundu vya mizizini. Mtundu na myombo havina vinundu hivyo. Vina kuvu ya nje. Mninga, ambao nao ni mkunde, una vinundu na una kuvu ya ndani, kama maharage. Mkongo uko na kina mtundu. Mfanyabiashara wa mbao huuweka mninga na mkongo katika orodha moja ya mbao za thamani. Mizizini miti hiyo inaishi maisha mawili yasiyofanana.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Udongo mwingi wa miombo ni wa zamani, umechujwa na mvua za miaka isiyohesabika, hauna fosforasi wala nitrojeni ya kutosha. Kuvu ya nje inaweza kufanya jambo ambalo ile ya ndani haiwezi kulifanya kwa kiwango hicho: kuyachokonoa majani yaliyooza na kuchukua chakula humohumo kabla hakijaoza kikaisha na kuchujwa na maji. Kwa maneno mengine, miombo inakula majani yake yenyewe kupitia kuvu. Högberg na Ian Alexander walirudi kwenye jambo hili mwaka 1995 kwa kupima nitrojeni iliyomo katika majani ya miti ya makundi hayo, na makundi yakajitofautisha. Kwa hiyo moto wa Septemba na Oktoba, ule unaokuja majani yamekauka kabisa, unaunguza pia akiba ya chakula ya msitu. Moto wa mapema, wa Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, hauna ukali huo. Maofisa misitu wamelisema hilo kwa miongo mingi kwa sababu ya magogo na machipukizi. Kuvu inawaongezea hoja ambayo sijawahi kuisikia mkutanoni.

Wenye elimu ya tunda la kuvu hizi walikuwepo kabla ya Högberg, nao hawakuandika makala. Kuanzia mvua za Desemba mpaka Machi, akina mama na watoto huingia miomboni na vikapu. Ni miezi ambayo ghala limepungua na mahindi mapya hayajakomaa, na uyoga wakati huo ni mboga, tena mboga nzito, inayopikwa kwa karanga au kukaushwa ikawekwa. Kuna ule wa manjano wenye umbo la faneli, ule wa kofia pana unaotoa utomvu, ule mwekundu mkavu unaovunjika kama chaki, na jamii ya amanita, ambamo chakula kizuri na sumu kali huzaliwa nyumba moja. Wote hao ni wa mizizini. Uyoga mkubwa wa vichuguuni, ambao wengi huupenda kuliko wote, ni habari nyingine: huo hulimwa na mchwa ndani ya kichuguu na hauna mkataba wowote na mti. Katika nchi ya miombo upande wa Zambia mna aina yake ambayo kofia hufikia upana wa karibu mita moja, na inatajwa kuwa uyoga mkubwa kuliko wote unaolika duniani.

Marja Härkönen wa Helsinki aliyafanya maarifa hayo ya kina mama kuwa msingi wa utafiti. Pamoja na wenzake, akiwemo Leonard Mwasumbi, aliyekuwa mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walizunguka Tanzania wakiwauliza wanaookota, wakachapisha kuhusu uyoga unaolika mwaka 1995 na kitabu kikubwa mwaka 2003, hicho wakiwa pamoja na Tuomo Niemelä. Ng'ambo ya ziwa, Brian Morris alikuwa ameshatoa kitabu cha uyoga wa Malawi mwaka 1987. Burundi ilipata chake, cha Bart Buyck, mwaka 1994. Chuoni Dar es Salaam Donatha Tibuhwa ameendelea kuuchambua uyoga wa manjano na ule wa vichuguuni, na kukusanya majina na matumizi kutoka kwa wanavijiji. Ukivipanga vitabu hivi pamoja unaona kwamba Kihagara na Nkhata Bay ya Malawi, japo ziwa na mpaka vinazitenganisha, ni za jiko moja.

Hata hivyo uyoga haumo katika hesabu. Msitu ukitathminiwa huhesabiwa mita za ujazo za mbao, magunia ya mkaa, nguzo, pengine asali. Uyoga ukitajwa huangukia katika fungu la mazao mengineyo. Tathmini ya kitaifa iliyokamilika mwaka 2015 ilionyesha kwamba Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, zaidi ya nusu ya nchi, na sehemu kubwa ya hizo ni misitu ya wazi ya aina ya miombo. Anayesimama kando ya barabara za Iringa na Njombe wakati wa mvua akiuza uyoga kwa kopo anauza zao la hekta hizo, na msitu ukikatwa hatalipwa fidia ya kopo lolote, kwani hakuna aliyeliandika.

Kuna habari nyingine kuhusu kuvu hizi iliyoenea mno, nayo inahitaji kupunguzwa makali. Mwaka 1997 Suzanne Simard wa Kanada alionyesha katika Nature kwamba kaboni ilihama kutoka mche wa mti mmoja kwenda mche wa mti wa aina nyingine msituni, na njia iliyodhaniwa ni nyuzi za kuvu zilizowaunganisha. Kutokea hapo vitabu na filamu vikakuza: miti mama inanyonyesha watoto wake, miti inaonyana kuhusu wadudu, msitu una mtandao wa mawasiliano. Mwaka 2023 Justine Karst, Melanie Jones na Jason Hoeksema, ambao wenyewe wanatafiti kuvu hizi, walipitia ushahidi na kusema wazi kwamba mengi kati ya hayo hayajathibitishwa porini, na kwamba hata watafiti wamekuwa wakinukuu matokeo ya kupendeza kuliko yale ya kuchosha. Nakubaliana nao. Wamatengo na Wanyasa hawahitaji kuambiwa kwamba mtundu una huruma. Kinachojulikana kwa uhakika kinatosha: mche wa mti wa miombo unaoota karibu na mzizi hai wa ndugu yake hukuta kuvu zipo tayari, unaoota mbali na mzizi kama huo hukuta udongo mtupu.

Ushahidi mzito wa jambo hilo umetoka kwa mti mgeni. Misindano ilipopelekwa katika nchi za joto zisizokuwa na misindano ya asili, ilidumaa. Kisa cha Puerto Rico ndicho kinachosimuliwa zaidi: miche ilikuwa ya manjano na haikui mpaka mwaka 1955, ilipowekewa udongo kutoka chini ya misindano ya North Carolina, ikaanza kukua. Mfini Peitsa Mikola aliukusanya uzoefu wa nchi nyingi mwaka 1970, Afrika ikiwemo, ambako vitalu vilikuwa na desturi ya kuchota udongo kutoka shamba la zamani na kuuchanganya kwenye viriba. Mashamba makubwa ya Nyanda za Juu Kusini, Sao Hill kwa mfano, au Wino kwa hapa Ruvuma, yamesimama juu ya kuvu zilizohamishwa hivyo, ziwe zilihamishwa kwa makusudi au zilijificha katika udongo wa miche.

Mgeni huyo hakuja peke yake basi. Chini ya misindano siku hizi huota uyoga wa kofia ya kahawia inayonata, wenye vitundu badala ya matamvua, na watu wengine wameshauzoea mboga. Lakini huota pia amanita nyekundu yenye madoa meupe, ambayo ina sumu. Hapa pana hatari ambayo naona haijasemwa vya kutosha. Miombo yetu ina amanita za rangi nyekundu na za machungwa zinazolika. Härkönen na wenzake waliandika makala nzima mwaka 1994 kuzitenganisha na zile zenye sumu. Mama aliyejifunza kwa bibi yake amejifunza uyoga wa mtundu na mkusu. Elimu hiyo ni ya kuaminika chini ya mtundu na mkusu. Mwanawe akiihamishia chini ya misindano, ambako kuvu zimetoka bara jingine, ameibeba nje ya mahali ilipojaribiwa. Kila shamba la misindano linalofunguliwa karibu na kijiji lingepaswa kufuatana na mkutano mfupi wa kina mama na picha mbili tatu.

Sasa turudi kwenye miombo iliyofyekwa, maana ndiko uzito wa suala ulipo. Kuvu ya nje haiwezi kuishi muda mrefu bila mzizi hai unaoilisha sukari. Mti wa miombo ukikatwa, mara nyingi haufi. Emmanuel Chidumayo, aliyetumia maisha yake ya utafiti Zambia, alionyesha tena na tena kwamba miombo hurudi hasa kwa machipukizi ya visiki na mizizi, na kwa kiasi kidogo tu kwa mbegu. Unganisha mambo hayo mawili na utapata hoja yangu: kisiki kilicho hai kinahifadhi mti na kuvu kwa pamoja. Mkulima wa zamani aliyekata mitundu usawa wa kiuno, akachoma matawi, akalima misimu michache akizunguka visiki na kisha akaondoka, aliacha shamba lenye mizizi hai na kuvu zake. Baada ya miaka kadhaa alikuta msitu. Aliyeng'oa visiki ili jembe la ng'ombe au trekta lipite amefanya jambo la aina nyingine kabisa, hata kama kwa macho mashamba hayo mawili yanafanana siku ya kupanda. Akilima mahindi miaka 10 hapo, udongo unakuwa na kuvu za mahindi. Mbegu ya mtundu ikianguka humo haina mwenyeji wa kuipokea.

Ndiyo maana sipendi hesabu za uharibifu wa misitu zinazoweka kila ufyekaji katika kapu moja. Mkaa unalaumiwa kuliko vyote, na tanuri lenyewe kweli huua kila kilicho hai pale lilipokaa, lakini hapo ni eneo dogo la msitu uliokatwa. Katika vijiji vya Kilosa, kuanzia mwaka 2012, mradi wa mkaa endelevu ulianzisha uvunaji wa vipande vya mita 50 kwa 50 vilivyopangwa mfano wa bao la drafti, kipande kimoja kinakatwa na cha jirani kinabaki, visiki vinaachwa, na mzunguko ni wa miaka 24. Waliouanzisha walikuwa wakifikiria machipukizi na mmomonyoko. Kwa upande wa kuvu mpango huo ni mzuri kuliko walivyoutangaza: kila kipande kilichokatwa kina visiki hai ndani na miti mizima pande zote. Tumbaku ya moshi ya Namtumbo na Songea inakula kuni nyingi, na samaki wa ufukweni wanakaushwa kwa kuni pia, lakini swali la kwanza la kuuliza katika kila eneo linalovunwa ni kama visiki vinachipua. Shamba la kudumu lililong'olewa visiki ndilo adui mkubwa zaidi, na ni gumu kulisema kwa sababu ndilo linalotulisha.

Msitu wa asili ukishapotea hivyo, kuupanda upya si suala la kugawa miche tu. Watafiti wa mkusu walilijua hilo mapema. Miaka ya 1980 na 1990, kituo cha kimataifa cha kilimo mseto kilipoanza Malawi na nchi jirani kazi ya kuifanya miti ya matunda ya miombo kuwa ya shambani, mmoja wa watafiti wakuu akiwa Profesa Jumanne Maghembe, aliyekuja kuwa Waziri wa Maliasili na Utalii, mkusu ulikuwa juu kwenye orodha ya matunda ambayo wananchi waliyataka. Miche yake kitaluni ilihitaji udongo wa msituni, wenye kuvu zake. Kampeni nyingi za upandaji miti hupeleka mche wa mti wa asili katika kiriba cha mchanga na samadi, halafu hushangaa mche ukidumaa. Lawama hupewa ukame au mbuzi.

Upande wa mashamba mambo ni mepesi kidogo, kwa sababu kuvu ya ndani haibagui mno mimea na husafiri kutoka zao hadi zao. Muhogo wa Kihagara ni mfano mzuri: mizizi yake ni michache na minene, haina vinyweleo vingi, na majaribio ya Colombia ya miaka ya 1980 yalionyesha kwamba katika udongo maskini uliouawa vijidudu vyake muhogo karibu hausogei mpaka urudishiwe kuvu. Unastahimili udongo uliochoka kwa sababu una msaidizi. Ngolo za Wamatengo, ambazo A. H. Pike aliziandika mwaka 1938 na ambazo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na Chuo Kikuu cha Kyoto walizichunguza miaka ya 1990 katika vijiji vya Kitanda na Kindimba, husifiwa kwa kuzuia mmomonyoko. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba, wanawake huzifunika kwa udongo na kuacha shimo katikati. Maharage hupandwa Machi, mahindi msimu unaofuata. Naona pia kwamba ni kilimo ambacho udongo wake haukai muda mrefu bila mzizi wa zao lenye kuvu, na chenye fosforasi ya nyasi inayoachiliwa polepole. Fosforasi nyingi ya mfuko huufanya mmea uache kuilisha kuvu, hilo linajulikana. Lakini nisingependa hoja hiyo itumike kumnyima mkulima wa Mbinga mbolea ya ruzuku; kiasi anachoweka ni kidogo mno kufikia hatari hiyo.

Ningemwonya juu ya kitu kingine: chupa na pakiti za kuvu zinazouzwa kama mbolea ya kibaiolojia. Kuanzia mwaka 2009 mradi uliosimamiwa kutoka Nairobi ulipima bidhaa za namna hii zilizokuwa madukani Kenya, Ethiopia na Nigeria, na nyingi hazikuongeza mavuno. Jaribio jingine la bidhaa 12 za kuvu, lililochapishwa mwaka 2013, lilikuta ni chache tu zilizoshika mizizi ya mahindi inavyotakiwa. Mkulima mwenye ngolo ana kuvu tayari. Anayeihitaji kweli ni yule ambaye udongo wake umechimbuliwa au kufukiwa.

Na udongo wa namna hiyo upo Mbinga. Makaa ya mawe ya Ngaka yamekuwa yakichimbwa tangu mwaka 2011, na mashimo ya mgodi yanapofukiwa, udongo wa juu uliokaa kwenye lundo miaka bila mmea hai huwa umepoteza sehemu kubwa ya kuvu zake. Mwaka 2025 shirika la SPUN, linalochora ramani za kuvu za ardhini, lilitangaza kwamba chini ya asilimia 10 ya maeneo yenye utajiri mkubwa wa kuvu za mikoriza duniani yamo ndani ya hifadhi. Kwa Ruvuma, hifadhi si jibu peke yake. Pori la Akiba la Liparamba lipo, lakini miombo mingi iko mikononi mwa vijiji, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaviruhusu kutenga misitu yao na kuandika mipango ya kuisimamia. Mipango hiyo huorodhesha idadi ya miti kwa hekta na ukubwa wa mashina. Ikiongezewa safu mbili, ya visiki vinavyochipua na ya uyoga ambao kina mama wa kijiji wanauokota katika kila kipande cha msitu na miezi wanayouokota, kijiji kitakuwa na kipimo cha hali ya kuvu bila maabara. Afisa misitu anaweza kuhesabu visiki asubuhi moja. Safu ya uyoga itabidi aijaze kwa kuwauliza wanaojua, na kwa kawaida hao hawaitwi kwenye kikao cha kamati ya maliasili.